Punda alipona kwa fisi, mbuzi saba wakafa bila kupigana: jibu kwa mfugaji wa Longido

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mfugaji wa Longido. Nina mbuzi na kondoo kama 60, ng'ombe 11 na punda watatu. Mwezi uliopita punda wangu jike aling'atwa na fisi nyuma ya paja akiwa nje ya boma, lakini akapona. Juzi alfajiri nimekuta mbuzi saba wamekufa zizini. Aliyeliwa ni mmoja tu, wengine wana matundu shingoni. Nimeona video za farasi na punda wakimtandika mnyama mateke mpaka anakimbia. Naomba unieleze, hawa wanyama wanajiteteaje hasa? Na nikimlaza punda zizini pamoja na mbuzi, atawalinda?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Mbuzi saba ni ada ya shule, ni unga wa miezi, ni mtaji uliokuzwa kwa miaka, kwa hiyo sitakujibu kwa mistari miwili.

Kwanza tumtambue adui. Umeandika habari ya fisi, na kwa punda nakubaliana nawe. Lakini kwa hayo uliyoyaona zizini, aliyeua mbuzi wako ni chui. Fisi hana subira ya kukaba koo. Anararua tumbo na mapaja ya nyuma, anavunja mifupa, na akiondoka hubaki kidogo sana. Chui hushika koo au shingo na kung'ang'ania mpaka pumzi ikate, ndiyo maana unakuta matundu ya chonge na nyama haijaguswa. Kama mvua haijanyesha na mifugo haijakanyaga, zunguka nje ya zizi utafute nyayo. Unyayo wa fisi una alama za kucha mbele ya vidole. Wa chui hauna, kwa kuwa anatembea na kucha zake zimefichwa. Angalia pia kama kuna tawi la mti linaloinamia zizi, au sehemu ambayo ua umelala.

Nimeanza na hilo kwa sababu kinga inayomfaa mnyama dhidi ya fisi inaweza isimfae kitu dhidi ya chui. Sasa nije kwenye swali lako.

Kinga ya kwanza ya mnyama anayekula majani ni kujua mapema. Teke na pembe huja baadaye sana. Leo mchana mshike mbuzi mmoja kidevuni umtazame jichoni. Utaona mboni yake si duara kama yako, ni mstari mpana uliolala kama tundu la kutumbukizia sarafu. Sasa mwinamishe kichwa taratibu, kama anayekula nyasi, huku ukiendelea kutazama. Kichwa kinashuka, lakini ule mstari unabaki umelala sambamba na ardhi, kwa sababu jicho lenyewe linazunguka ndani ya tundu lake. Watafiti waliolipima jambo hili mwaka 2015 walikuta jicho linaweza kuzunguka nyuzi 50 na zaidi. Maana yake mbuzi akiwa ameinama anakula, bado anaiona nyika yote kwa upana, mbele na nyuma, pale hasa ambapo adui angejitokeza.

Farasi ana mboni ya namna hiyo hiyo, na macho yake yamekaa ubavuni mwa kichwa. Kati ya nyuzi 360 za duara anaona karibu 350. Kinachomkosesha ni sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia, na ndiyo sababu tunawakataza watoto kumwendea farasi au punda kwa nyuma kimyakimya. Masikio yake yanageuka kila moja kivyake. Hata usingizi wake ni wa tahadhari: viungo vya miguu vinajifunga ili asinzie akiwa amesimama, na hulala chini kwa muda mfupi tu, mara nyingi mwenzake mmoja akiwa amesimama. Mwanafarasi akizaliwa, ndani ya saa moja au mbili amesimama, na siku hiyohiyo anaweza kukimbia ubavuni mwa mama yake. Mnyama wa kilo 400 au 500 aliyeumbwa hivi hana haja ya kupigana akiwa na uwanja wazi mbele yake. Anaondoka. Farasi wa mbio amepimwa akizidi kilomita 70 kwa saa kwa masafa mafupi, na simba hana pumzi ya kumfuata mbali.

Teke linakuja njia inapofungwa. Wahenga wetu waliosema shukrani ya punda ni mateke walikuwa wamesimama karibu naye. Farasi na punda hurusha miguu miwili ya nyuma kwa pamoja, uzito wote ukiwa umeegemea mbele, na kwato ikimpata adui usoni inavunja taya. Fikiria maana ya taya kwa fisi au simba. Hafi siku hiyo, anakufa kwa njaa polepole. Ndiyo maana wawindaji wote huwa na hesabu: hawamwendei mnyama anayewaona na anayeweza kuwaumiza, kama yupo mwingine aliyesinzia au aliyeachwa nyuma. Ukielewa hesabu hiyo ya adui, utaelewa karibu kila ninachokuambia hapa chini.

Nguvu ya ukoo huu inaonekana vizuri kwa pundamilia, ndugu wa damu wa farasi na punda. Mtafiti Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, alieleza jinsi familia ya pundamilia inavyojikusanya ikashikana, ikakimbia kwa mwendo wa wastani usiomwacha mtoto nyuma, huku dume akibaki kisogoni akiwageukia fisi kwa meno na mateke. Aliona pia kwamba kuwinda nyumbu huanzwa na fisi mmoja au wachache, lakini wanaokwenda kwa pundamilia hujikusanya kwanza, mara nyingi 10 au zaidi. Fisi wenyewe wanajua wanamwendea nani.

Sasa umtazame punda wako. Hana familia ile. Uzito wake hauzidi sana kilo 150, na fisi madoa mmoja ana kati ya kilo 45 na 80. Hana pia tabia ya farasi ya kutimua mbio. Asili yake ni punda mwitu wa nchi kame za Somalia, Ethiopia na Eritrea, ambako malisho ni haba na wanyama huishi wametawanyika. Asiye na kundi la kumkinga hanufaiki kukimbia ovyo. Anasimama, anageuza masikio, anatazama, ndipo aamue. Watu humwita mkaidi, na mimi neno hilo linaniuma kila nikilisikia, kwa sababu mara nyingi huyo mnyama anapigwa fimbo akiwa amegundua kitu ambacho mwenye fimbo hajakiona. Akiamua kupigana, hapigani kwa mateke ya nyuma peke yake. Anainamisha kichwa, analaza masikio, anang'ata ngozi ya shingo, anakanyaga kwa miguu ya mbele.

Tabia hiyo ndiyo iliyozaa video ulizoziona. Marekani, hasa Texas, wapo wafugaji wanaoweka punda kulinda kondoo, na kuna mahali wanafanikiwa kweli. Lakini angalia masharti yao. Adui wao mkubwa ni koyote, mnyama wa jamii ya mbwa mwenye kilo 10 hadi 20, na punda kwa asili hawapendi wanyama wa jamii hiyo. Wanaweka punda mmoja tu kwa kila kundi, kwa sababu wakiwa wawili hukaa pamoja na kuwasahau kondoo. Wanachagua jike au dume aliyehasiwa, na wanamzoesha kundi tangu mdogo. Hata hao, wakikabiliwa na mbwa wengi kwa pamoja au na simba wa milima wa huko, punda anashindwa na pengine anauawa yeye.

Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni hapana. Usimlaze punda ndani ya zizi la mbuzi ukitegemea amzuie chui. Chui anaingia kwa juu, kimya, akishaingia ni kazi ya dakika chache, na zizi dogo halimpi punda nafasi ya kugeuka wala kupiga. Isitoshe, punda, hasa dume, anaweza kuwakanyaga au kuwang'ata wana mbuzi mpaka wafe. Ila usimdharau. Mjengee sehemu yake ndani ya boma, ubavuni mwa zizi la mbuzi. Masikio yake yatasikia kabla ya yako, na akilia usiku kwa namna usiyoizoea, akikoroma puani na kutazama upande mmoja bila kuondoka, toka nje na tochi.

Hapa kuna jambo nataka uniambie ukweli wako mwenyewe, maana hukuliandika. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kumtibu punda jike aliyeng'atwa na fisi. Jeraha lilikuwa nyuma ya mapaja yote mawili, nyama imening'inia, na kwenye kiwele kulikuwa na shimo la kuingia vidole viwili. Nilipomaliza kuosha nyuma nikaenda mbele, nikakuta juu kidogo ya kwato za mbele manyoya yameisha na ngozi imekuwa ngumu, nyeusi, kama mpira. Ilikuwa alama ya kamba. Kila jioni alikuwa anafungwa miguu ya mbele pamoja asiende mbali, kisha anaachwa nje. Usiku ule fisi walipokuja hakuweza kukimbia, na hakuweza hata kurusha teke sawasawa, kwa sababu teke la nyuma linahitaji miguu ya mbele iliyotanuka kushika ardhi. Mwenye punda hakuwa mtu mbaya. Alifanya alivyoona wengine wakifanya. Lakini mimi sijaisahau ile ngozi. Kama na wako hufungwa miguu usiku, au hulala nje wakati ng'ombe wamo ndani, hapo ndipo fisi amepata nafasi yake.

Ng'ombe wako 11 wana silaha nyingine. Mama mwenye ndama mchanga humfuata adui kwa pembe bila kujiuliza, na mmoja akilia kwa uchungu wenzake hukimbilia huko badala ya kukimbia mbali. Malishoni mchana, wakiwa pamoja, wana uwezo mkubwa. Adha yao ni simba wa usiku. Wafugaji wengi wa Laikipia, nchini Kenya, na wa kwenu Umaasaini wanaijua mbinu yake: hajisumbui kuruka ua, bali hupita upande ambao upepo utawapelekea ng'ombe harufu yake. Wakiinusa wanaingiwa na hofu, wanasukuma miiba, wanatoka wenyewe gizani, na huko nje anawasubiri. Ile hofu ingewaokoa mbugani. Bomani inawaua.

Kuna jaribio moja kuhusu ng'ombe na simba ninalolipenda sana, kwa sababu linaonyesha ile hesabu ya adui niliyoitaja. Lilifanyika Botswana, karibu na Okavango, na matokeo yalitangazwa 2020. Walichukua ng'ombe 2,061 katika makundi 14 na kuwafuatilia kwa miaka minne. Baadhi walichorwa macho makubwa mawili matakoni kwa rangi, wengine alama ya msalaba, wengine hawakuchorwa. Waliochorwa macho hakuuawa hata mmoja na wanyama wanaovizia. Wa msalaba waliuawa wanne, na wasiochorwa 15. Simba na chui huishi kwa kuvizia, wakidhani wameonekana huacha. Rangi haitakusaidia usiku zizini, wala kwa fisi, ambaye hajali kuonekana na anamchosha mnyama kwa kumkimbiza. Lakini inatufundisha kwamba chui anaogopa kuonwa, na hilo tutalitumia.

Nimewaacha mbuzi na kondoo mwisho kwa sababu ndio wanyonge kuliko wote, na ndio waliokufa. Kondoo akitishwa hujipenyeza katikati ya wenzake, na kundi zima hugeuka donge moja. Mbuzi hutawanyika na kutafuta pa kupanda, jiwe, kichuguu, shina lililoinama. Mbinu zote mbili zinahitaji nafasi. Zizini hakuna. Tumewaondolea mbio, tumewaondolea mwinuko, tumewabana kwenye duara dogo gizani. Chui akiingia, kila mbuzi anayeruka mbele yake anamwamsha kuua tena, hata kama hana njaa. Kruuk aliwahi kuandika juu ya usiku mmoja wa giza na mvua kali Serengeti, ambapo fisi waliua swala tomi zaidi ya 80 na kula wachache tu, kwa kuwa swala katika giza lile hawakukimbia kama kawaida yao. Mbuzi wako sita ambao hawakuliwa walikufa kwa sababu hiyohiyo. Hawakuwa na pa kwenda.

Basi kile ambacho zizi limewanyima, zizi liwarudishie. Utafiti uliofanywa Laikipia kuhusu maboma ulionyesha mambo ambayo mzee yeyote wa Kimaasai angekubaliana nayo: ua mnene, milango michache, watu wanaolala humo, na mbwa. Mbwa hata akiwa mdogo, kazi yake ni kubweka tu, na chui akishabwekewa ameonekana. Huko Simanjiro wafugaji wengi wamejenga kuta hai. Wanachomeka fimbo za mti wa Commiphora africana kwa mstari, zinachipua na kuwa nguzo zisizooza, kisha wanafunga seng'enge za wavu. Fisi hapenyi, na ng'ombe waliotishwa na simba hawauvunji. Gharama ni ya wavu. Mkiungana boma mbili tatu inawezekana.

Lakini kwa chui ukuta peke yake hautoshi, anapanda. Mbuzi na kondoo watengee zizi dogo la ndani, katikati, na juu ulifunike kwa wavu au kwa fito zilizofungwa karibukaribu. Kata kila tawi linaloning'inia juu yake. Mwanga pia unasaidia: Richard Turere, kijana wa Kitengela jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, akiwa na miaka 11 alifunga taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka boma la kwao, simba wakadhani kuna mtu anatembea na tochi. Taa kama hizo za sola zinapatikana sasa. Zihamishe mara kwa mara, maana wanyama huzoea kitu kisichobadilika.

Mchana, hesabu mifugo kabla ya kurudi, si baada ya kufika. Mbuzi aliyezalia porini hubaki nyuma na mtoto wake, na mtoto hulala kimya kichakani kama alivyoumbwa kufanya. Jua likizama hapo, hutampata asubuhi.

Nakuomba jambo moja kwa moyo wote. Najua wapo watakaokushauri uipake sumu mizoga hiyo. Usifanye. Dawa za wadudu wa mashambani zimeua simba na tai kwa wingi Kenya na Tanzania, na chui wako huenda asirudi kwenye mzoga huo kabisa. Atakayekula ni mbwa anayekulinda, au mtoto wa jirani atashika nyama hiyo. Piga picha za mizoga na nyayo, toa taarifa ofisi ya kijiji na kwa ofisa wanyamapori wa wilaya mapema. Utaratibu wa kifuta machozi upo, na unadai ushahidi.

Nimalizie na yule jike aliyepona, maana sina hakika kama amepona kweli. Fisi anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo hukaa wiki hata miezi ndipo ujitokeze. Akianza kudondosha mate, kushindwa kumeza, kujing'ata pale palipokuwa na jeraha au kulia kwa sauti iliyobadilika, mtengeni, mtu asitie mkono mdomoni mwake, na ofisa mifugo aitwe siku hiyohiyo. Aliyeosha lile jeraha mwezi uliopita kwa mikono mitupu aende kituo cha afya aeleze, hata kama anajisikia mzima. La pili ni pepopunda. Ugonjwa huo unawashika punda na farasi upesi kuliko ng'ombe, na jeraha lenye kina kama la chonge ndilo mlango wake. Ukiona shingo imekakamaa, masikio yamesimama yote mawili na mkia umenyanyuka kama fimbo, usisubiri kesho. Usimpakie madumu ya maji mpaka akanyage miguu yote sawasawa na ngozi iwe imeziba kabisa. Na usiku wa leo mwingize ndani, miguu yake ikiwa haina kamba.